Kanga ya Mama Ina Pembe Nne

Huyu ni Chiku. Ana miaka mitano na nusu. Ile nusu usiisahau, maana yeye mwenyewe haisahau.

Chiku anakaa Tanga, mji wa baiskeli. Anakaa na Mama na Baba, na Dada Saumu, na Kaka Mbwana, na Tunu mdogo ambaye bado hana jino hata moja.

Mama ana kanga nyekundu. Kanga hiyo imeandikwa: MWENYE HARAKA APITE.

Na mtaani kwao, nani ana haraka kuliko watu wote? Mama!

Kila asubuhi Mama anapanda baiskeli. Tunu mgongoni. Chiku nyuma, kwenye keria.

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi! Ngri! Ngri!

Bi Mwanakombo, jirani anayekaanga vitumbua, anainua mwiko wake juu. "Pisheni! Pisheni njia! Hamjasoma kanga? Mwenye haraka apite!"

Kuku wanapisha. Mbuzi wanapisha. Hata mwenye mkokoteni wa madafu anapisha.

Lakini kuna kitu kimoja Mama anakiogopa. Haogopi giza. Haogopi mende. Mama anaogopa kusahau.

Watoto ni wanne, mambo ni mengi, na kichwa cha Mama ni kimoja tu. Basi kila Jumapili jioni Mama anakaa mkekani, anaishika kanga yake, anafunga mafundo.

"Pembe ya kwanza. Jumatatu, Saumu ana netiboli." Kaza!

"Pembe ya pili. Jumanne, Tunu aende kliniki akapimwe." Kaza!

"Pembe ya tatu. Jumatano, Mbwana ana mazoezi ya kaswida, na dufu lake." Kaza!

"Pembe ya nne. Alhamisi, Mbwana ana mechi ya mpira. Nimfuate uwanjani saa kumi na moja, maana ile barabara ya malori asije akaivuka peke yake." Kaza, kaza!

Kisha Mama anaimba:

"Pembe hii, fundo hili,
Mama hasahau, hasahau kweli!"

Chiku akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Akaigeuza kanga. Akaitazama upande wa pili. Pembe ya tano haikuwepo.

"Mama," akasema Chiku. "Na Ijumaa je?"

"Ijumaa kuna nini, mwanangu? Ijumaa... Lo! Maharage yangu!"

Maharage yalikuwa yanaungua. Mama akakimbia jikoni.

Ijumaa kulikuwa na jambo kubwa. Kubwa sana.

Ijumaa, wazazi wote wanakuja chekechea. Watoto watacheza igizo. Na Chiku ni jogoo! Atasimama mbele, atawika mara tatu, "Kokoikoo! Kokoikoo! Kokoikoo!" na kijiji kizima kitaamka.

"Bila jogoo hakuna asubuhi," alisema Mwalimu Zawadi.

Mwalimu Zawadi alimpa Chiku barua ya kumpelekea Mama. Lakini Tunu aliiona kwanza. Tunu hana meno, lakini barua aliila hivyo hivyo.

Sasa Chiku alikuwa na swali moja tu. Mama asipokuja, nitamwikia nani?

Jumatatu ikafika.

Mama akagusa pembe ya kwanza. "Netiboli! Saumu, mfuko wako huu hapa, twende, twende, tumechelewa!"

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi! Ngri! Ngri!

Uwanjani Saumu akafungua mfuko. Ndani hamna sketi. Ndani kuna kanzu ya Mbwana.

"Mamaaa!"

"Jamani! Nimebeba mfuko siyo!"

Saumu akaivaa kanzu, akaikunja mpaka magotini, akaingia kucheza. Akafunga mabao tisa. Timu nyingine ikasema nasi tunataka kanzu.

Jioni Mama akafungua fundo la kwanza. Fyu! "Limekwisha."

Chiku akaruka. "Mama, pembe iko wazi! Nifungie la kwangu, maana Ijumaa mimi ni—"

"Mama!" Mbwana akaingia mbio. "Dufu langu limebanduka ngozi! Tununue gundi Jumamosi!"

"Gundi, Jumamosi," Mama akasema. Kaza! "Subiri kidogo, Chiku wangu."

Pembe ikajaa.

Jumanne ikafika.

Mama akagusa pembe ya pili. "Kliniki! Tunu, kofia yako, kadi yako, twende!"

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi! Ngri! Ngri!

Nesi akapokea kadi. Akaifungua. Akamtazama Tunu, akaitazama kadi, akamtazama Tunu tena.

"Mama Saumu," akasema nesi. "Hili ni daftari la hesabu. Linasema mtoto amepata nane juu ya kumi."

"Jamani! Nimebeba siyo!"

Akina mama wote kwenye foleni wakacheka. Mama naye akacheka. Tunu akaning'inizwa kwenye mzani, akacheka kuliko wote.

Jioni Mama akafungua fundo la pili. Fyu! "Limekwisha."

Chiku alikuwa amesimama tayari. "Mama, pembe iko wazi! Ijumaa mimi ni—"

"Mama!" Saumu akaita kutoka uani. "Mwalimu amesema Ijumaa kila mtu aje na fagio la chelewa! Jipya!"

"Fagio, Ijumaa." Kaza! "Subiri kidogo, Chiku wangu."

Pembe ikajaa.

Jumatano ikafika.

Mama akagusa pembe ya tatu. "Kaswida! Dufu nimelifunga kwenye kitambaa, hili hapa, twende!"

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi! Ngri! Ngri!

Mbwana akakaa na wenzake kwenye mstari. Akafungua kitambaa. Hamna dufu. Kuna sinia la wali.

Wenzake wakapiga: du, du, du!

Mbwana akapiga: tang'! tang'! tang'!

Ustadhi akanyoosha shingo. "Mbwana, umekuja kughani au umekuja kupakua?"

Mama pale mlangoni akajifunika uso kwa kanga. "Jamani, jamani, jamani."

Jioni Mama akafungua fundo la tatu. Fyu! "Limekwisha."

Safari hii Chiku alikuwa amelishika pindo la kanga kwa mikono miwili. "Mama! Pembe! Ijumaa mimi—"

"Mama Saumu," akasema Baba, akivua viatu vyake vya kiwandani. "Usisahau ovaroli langu, tafadhali. Lina grisi mpaka mifukoni."

"Ovaroli, lifuliwe." Kaza! "Subiri kidogo, Chiku wangu."

Hata Baba! Baba, mtu mzima!

Chiku akaenda kukaa nyuma ya mlango.

Usiku ulipoingia, kanga ilikuwa inaning'inia msumarini. Chiku akaitazama. Fundo la gundi. Fundo la fagio. Fundo la ovaroli. Na lile la nne, la Mbwana na mpira wake.

Mbwana anacheza mpira kila siku, Chiku akawaza. Anacheza uani. Anacheza akitumwa chumvi, anapiga jiwe njia nzima. Moja tu likikosekana, kuna nini?

Akanyata. Nya, nya, nya.

Akalivuta fundo la nne. Lilikuwa gumu. Akalivuta kwa meno. Fyu!

Haraka haraka akafunga la kwake, dogo kama mbaazi. Akaimba polepole:

"Pembe hii, fundo hili,
Mama hasahau, hasahau kweli."

Lakini wimbo haukuwa mtamu. Chiku akaenda kulala.

Na vidole vya miaka mitano na nusu bado havijui kukaza. Chiku alipolala tu, kile kifundo kikateleza. Fyu. Kikafunguka chenyewe.

Alhamisi ikafika.

Jioni Mama akagusa pembe zake. "Gundi bado. Fagio ninalo. Ovaroli liko kwenye maji. Na hii..."

Pembe ya nne ilikuwa tupu, imelala bapa.

"Hii imekwisha! Kumbe Alhamisi ni nyepesi hivi?" Mama akanyoosha miguu mkekani. Akamimina chai. "Leo napumzika. Saumu, lete vitumbua."

Mama akagawa. "Cha Saumu. Cha Chiku. Cha Tunu, alambe tu. Cha Baba tumwekee. Changu."

Kwenye sahani kikabaki kitumbua kimoja.

"Hiki cha nani?" akauliza Mama.

Chiku akakitazama kile kitumbua. Kitumbua nacho kilikuwa kama kinamtazama.

"MBWANA!" akasema Mama.

Chai ikamwagika. Ndala moja ikavaliwa, nyingine ikabaki. Tunu mgongoni, Chiku kwenye keria, Saumu anakimbia pembeni.

Kwichi-kwichi-kwichi-kwichi-kwichi! Ngri-ngri-ngri-ngri!

"Pisheni!" Bi Mwanakombo akapaza sauti. "Mwenye haraka... Mama Saumu, kuna nini?"

"Mbwana! Barabara ya malori!"

Chiku aliuweka uso wake mgongoni kwa Tunu. Alisikia moyo wa Mama ukidunda mpaka huko nyuma. Du, du, du. Kama dufu.

Kwenye barabara kubwa malori yalikuwa yanapita. Vuuum! Vuuum! Mama akasubiri. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Wakavuka.

Na kule uwanjani, chini ya mlingoti wa goli, alikuwa amekaa mtu. Kakalia mpira. Mguu mmoja una soksi nyekundu. Mguu mwingine hauna.

"Mama!" akaita Mbwana. "Tumeshinda mbili moja! Na mbuzi amekula soksi yangu!"

Kweli, mbuzi alikuwa hapo, anatafuna.

Mama aliiacha baiskeli ikaanguka. Akamkumbatia Mbwana.

"Mama, unanibana."

"Nakubana, ndiyo. Hukuvuka?"

"Ulisema nisivuke, sikuvuka. Nilikuwa nahesabu malori. Yalifika arobaini na moja, halafu namba zikaniishia."

Mama akaishika kanga yake. "Fundo nililifunga. Nililifunga mwenyewe, kwa mikono hii. Limekwenda wapi?"

"Kwangu," ikasema sauti. Ilikuwa ndogo kama ya mbu. "Mimi ndiye nililifungua."

Wote wakamgeukia Chiku.

"Wewe? Kwa nini, mwanangu?"

Midomo ya Chiku ikaanza kucheza. "Kwa sababu kanga yako ina pembe nne tu. Na zote za watu. Mimi sina pembe."

Machozi yakatoka. Ta. Ta. Ta.

Mama akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, akamweka Chiku mapajani.

"Kufungua fundo la mwenzio siyo vizuri," akasema. "Umeiona ile barabara?"

"Nimeiona."

"Mwambie kaka yako."

"Kaka, nisamehe."

Mbwana akafikiri. "Nimekusamehe. Lakini kitumbua chako unanipa."

"Nusu."

"Chote."

"Haya," akasema Chiku, akijifuta pua. "Chote."

"Sasa niambie," akasema Mama. "Fundo lako ni la nini? Sema lote. Siondoki hapa."

Saumu akasogea. Mbwana akasogea. Hata mbuzi akaacha kutafuna.

"Ijumaa mimi ni jogoo," akasema Chiku. "Nawika mara tatu. Wazazi wote wanakuja. Barua aliila Tunu."

"Jogoo! Jamani, jogoo wangu! Ijumaa ipi hiyo?"

"Kesho."

"KESHO?"

Mbuzi akashtuka, akaidondosha soksi.

Nyumbani ikawa haraka tena, lakini haraka ya kucheka.

Mbwana akaitoa soksi yake nyekundu, ile iliyoliwa nusu. Mbuzi alikuwa ameikata ncha ncha, pindo lote. "Tazameni! Hiki si kilemba cha jogoo kabisa?"

Saumu akachomoa njiti kumi kwenye fagio lake. "Mkia huu hapa. Kesho mwalimu ataniuliza, mbona fagio lako limekonda?"

Baba akakata boksi, akatengeneza mdomo, akaubandika kwa ugali. "Gundi ni Jumamosi," akasema.

Chiku akawa jogoo. Jogoo kamili! Lakini bado aliitazama kanga ya Mama.

"Mama, bado sina pembe. Na kanga yako ni nyepesi kusahau."

"Hebu ngoja," akasema Mama. "Kanga hununuliwa ngapi? Moja?"

"Mbili," akasema Saumu. "Doti!"

"Na ya pili iko wapi?"

Chiku alijua. Ya pili ndiyo anayojifunika kila usiku. Ndiyo Mama aliyombebea alipokuwa mdogo kama Tunu. Imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la paka.

Akaenda mbio, akaileta.

"Hii ina pembe ngapi?"

"Nne!"

"Nne na nne?"

Chiku akahesabu vidole vya mkono mmoja, akaazima vitatu vya Tunu. "Nane! Mama, una pembe nane!"

Mama akafunga fundo. Siyo dogo kama mbaazi. Kubwa kama ndimu. Kaza, kaza, kaza!

"Mama," akanong'ona Chiku. "Wewe unaogopa kusahau?"

"Naogopa kila siku," akasema Mama. "Ndiyo maana nafunga."

Ijumaa ikafika.

Mama akamfikisha Chiku chekechea. "Nampelekea Saumu fagio amelisahau, narudi sasa hivi, sasa hivi, usiogope!"

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi!

Wazazi wakaja. Wakakaa kwenye mabenchi. Mama wa Jua alikuwepo. Baba wa Mti alikuwepo. Bibi wa Ng'ombe alikuwepo, na miwani.

Mama wa Jogoo hakuwepo.

Igizo likaanza. Kijiji kimelala. Watoto wote wamelala sakafuni wanakoroma, na mmoja wao amelala kweli.

"Jogoo," akanong'ona Mwalimu Zawadi. "Wika."

Chiku akasimama mbele. Akafungua mdomo. Akaufunga tena.

Akatazama mlangoni. Hamna mtu.

"Jogoo, mama. Wika."

Halafu, mbali, mbali kabisa...

Kwichi-kwichi.

Karibu kidogo.

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi! Ngri! Ngri!

"Pisheni! Pisheni njia! Mwenye haraka apite!"

Mlango ukafunguka. Mama akaingia! Tunu mgongoni, unga kwenye pua, ndala moja ya bluu na moja ya njano. Na nyuma yake Bi Mwanakombo, aliyekuja kwenye keria, na beseni lake la vitumbua kichwani.

Mama aliliinua fundo juu. Kubwa kama ndimu.

Chiku akavuta pumzi mpaka mkia ukatikisika.

"KOKOIKOO!" Kijiji kikaamka.

"KOKOIKOO!" Tunu akapiga makofi.

"KOKOIKOOOO!" Na huko nje, nyuma ya darasa, jogoo wa kweli akajibu.

Yule mtoto aliyelala kweli akakaa, akapikicha macho. "Chai iko wapi?" akauliza.

Ukumbi mzima ukacheka.

Usiku huo Chiku akapanda kitandani. Mama akakaa ukingoni, akaegemea ukuta.

"Haya, jogoo wangu," akasema. "Fundo lako. Lifungue mwenyewe."

Chiku akavuta. Fyu! "Limekwisha."

Pembe ikawa wazi.

"Mama!" akaita Saumu. "Jumapili mimi—"

"Mama!" akaita Mbwana. "Na mimi—"

"Subirini kidogo," akasema Chiku. "Nafunga."

Akakunja, akapitisha, akavuta. Saumu akamshikia kwa kidole kimoja. Kaza!

"La nini hilo?" akauliza Baba kutoka mlangoni.

"La Mama. Jumapili Mama atalala mchana. Mpaka achoke kulala."

"Ala! Na nani atapika?"

Chiku, Saumu na Mbwana wakamtazama Baba. Baba akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Haya," akasema Baba. "Nitapika."

"Umesikia, Mama?"

Mama alikuwa amelala hapo hapo, amekaa, na unga bado puani.

Wote wakanyata. Nya, nya, nya. Taa ikazimwa.

Chiku akachukua nusu ya kanga yake laini, akamfunika Mama. Nusu nyingine akajifunika yeye. Akaimba kwa sauti ndogo:

"Pembe hii, fundo hili,
Chiku hasahau, hasahau kweli."

Halafu, polepole sana, asimwamshe mtu:

"Kokoikoo."